Sauti Ishirini na Tatu

Orodha ile niliiandika mara nne. Mara ya kwanza wino ulivuja, mara ya pili niliona mwandiko wangu ni wa mtu mwenye haraka, na mara ya tatu sikumbuki kasoro ilikuwa nini, ila nilijua ipo. Yalikuwa majina ishirini na matatu, yote ya wanawake, niliyoyanakili kutoka kitabu cha jalada gumu cha chama cha mama yangu. Jina langu halikuwemo. Mimi nilikuwa mwandishi wa safari tu.

Ilikuwa miaka ya tisini, na nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka mmoja kabla. Kazi yangu ilikuwa kutafuta kazi. Asubuhi nilitoka mtaani kwetu Donholm na bahasha ya vyeti, na jioni niliirudisha ilivyo. Nilikuwa mtu wa kufikiri kupita kiasi. Nikishafunga mlango nilirudi kuuangalia, na nikishauangalia nilijiuliza kama kule kuuangalia ndiko kumeufungua. Mama alisema digrii iliniingia kichwani ikakosa pa kutokea.

Chama chao kilikuwa cha kuchangiana pesa kwa zamu, cha akina mama wa kanisani kwetu, wengi wao wakiwa wametoka Ukambani zamani. Walikuwa wauza mandazi, wauza mitumba, wake wa madereva na wa wachonga vinyago. Walikutana Jumapili mchana, na kila mkutano ulianza kwa kuita majina. Uliyeitwa ulijibu, "Niko!" kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. Majina ya kitabuni yalikuwa yale ya kwenye kitambulisho, na mtaani hakuna aliyeyatumia. Mtaani ulikuwa mama wa fulani, au ulikuwa kile unachouza. Mimi nilikuwa nimekaa bweni la chuo miaka minne, kwa hiyo nusu ya nyuso sikuzijua vizuri, na majina ya kitambulisho sikuyajua hata moja isipokuwa la mama.

Mwaka ule walikataa kununuliana sufuria. Walisema kila mtu ana sufuria, lakini bahari wameiona kwenye kalenda tu. Wakaniambia nitafute safari ya bei nafuu, ya siku moja, ya kuzunguka visiwa.

Nilipiga simu kwenye kibanda cha simu, sarafu zikidondoka moja moja. Mwanamume wa upande wa pili alikuwa nahodha mwenyewe. Chombo chake kilikuwa cha tanga na injini, na safari ilikuwa na samaki wa kukaanga, matunda, na kushuka kwenye fungu la mchanga katikati ya bahari.

"Leta orodha mbili," akasema. "Moja twende nayo, moja ibaki pwani."

"Ya kubaki ni ya nini?"

"Ili wajue wanamtafuta nani."

Akacheka. Mimi sikucheka. Kwa wiki tatu, kila nilipofumba macho, niliona karatasi yenye mwandiko wangu mkononi mwa mtu nisiyemjua, amesimama ufukweni, anasoma jina moja baada ya jingine.

Tulisafiri mchana kwa basi la kukodi, tukalala kwenye ukumbi wa kanisa kule pwani, na asubuhi tukawa ufukweni tukiwa na vikapu kama watu wanaohama. Niliita majina kabla ya kupanda. Niliweka alama ndogo ya penseli kila nilipojibiwa. Niko. Niko. Niko. Alama ishirini na tatu. Nikampa kaka yake nahodha, aliyekuwa anabaki, nakala yake. Akaikunja bila kuisoma, akaitia kofiani.

Chombo kilipoondoka nikahesabu vichwa vya akina mama, kwa sababu mtu kama mimi haamini masikio peke yake. Walikuwa ishirini na wawili.

Nikahesabu tena nikianzia nyuma. Ishirini na wawili. Nikafikiri labda nimejihesabu nikajitoa mara mbili, nikahesabu nikiwa nimeweka mkono kifuani ili nisijisahau mimi ni nani. Ishirini na wawili.

Muuza mandazi, aliyekaa mbele yangu na miguu yake minene imenyooka, aliniona midomo ikicheza.

"Msomi, unatuhesabu kama kuku? Umetuita, tumeitika. Sasa unataka tutage?"

Walicheka wote. Mwingine akadakia, "Muache. Huyu hata ugali anauhesabu."

"Nahesabu tu," nikasema.

"Hesabu samaki. Hao hatujawaona bado."

Nikafunga daftari. Hiyo ndiyo sehemu ninayoikumbuka kwa aibu zaidi. Nilijua sauti na vichwa havilingani, na nikachagua kutochekwa.

Fungu lenyewe lilikuwa jambo ambalo kalenda haikuwa imetuandaa nalo. Bahari ilikuwa kijani, kisha pakatokea mchanga mweupe, mrefu kama barabara, bila mti, bila jiwe, bila kitu cha kumpa mtu kivuli. Nahodha alituambia tuna saa moja. Maji yakianza kujaa, alisema, fungu lote linakwenda chini, na asiyekuwa chomboni wakati huo hana pa kusimama.

Akina mama walishuka wamekunja nguo hadi magotini, wakipiga kelele. Wengine walikaa majini kama watoto kwenye beseni. Wengine walianza wimbo wa kwaya, lakini hewa ile kubwa iliumeza, ukatufikia chomboni mwembamba kama unatoka kwenye redio ya jirani. Mimi nilibaki juu na orodha yangu. Jua lilikuwa karibu na utosi. Mchanga ulirudisha mwanga hadi watu wakaonekana wanatetemeka, wakirefuka na kukatika miguu. Nilihesabu. Walizunguka, nikapotea. Nikahesabu tena.

Na mara moja, wakati wa wimbo ule, nilipata ishirini na watatu. Mmoja alikuwa peke yake ncha ya mbali ya fungu, ametupa mgongo, anatazama upande usio na nchi kavu. Nilifurahi sana. Nikajiambia tangu asubuhi macho yangu ndiyo yalikuwa mabovu, nikala kipande cha nanasi, nikaacha kuhesabu.

Nahodha alipiga filimbi. Wakarudi wakiwa wamelowa, wakipandishwa mmoja mmoja kwa mkono. Maji yalikuwa yameshaanza kula kingo za mchanga bila mawimbi, yakipanda tu kama maziwa jikoni. Injini ilikuwa imezimwa, nahodha akipandisha tanga, na kwa mara ya kwanza siku ile palikuwa kimya. Nikahesabu vichwa.

Ishirini na wawili.

Nilisimama. "Naita majina," nikasema, na sauti yangu iliwanyamazisha hata waliotaka kucheka. Niliita polepole, nikimtazama kila anayejibu. Nilipofika jina la kumi na saba nilikuwa nimeinama kuweka alama, na nikasikia "Niko!" ikitoka mbele, karibu na mlingoti. Sauti ya kawaida ya mwanamke mtu mzima, kavu kidogo. Nilipoinua macho niliona migongo tu. Nikaendelea hadi mwisho. Alama ishirini na tatu, vichwa ishirini na viwili.

Kisha nikaona patipati.

Zilikuwa kwenye ncha ile ya mbali ya fungu, jozi moja ya ndala za mpira, za buluu zenye kamba za manjano, zimepangwa sambamba kama zinavyopangwa mlangoni mwa nyumba ya watu. Upande wa vidole ulielekea baharini.

"Kuna mtu amebaki," nikasema.

Nahodha alitazama mchanga, kisha akanitazama mimi. "Sioni mtu, binti."

"Nilimwona. Alikuwa amesimama pale."

"Maji yanajaa. Baada ya robo saa hakuna fungu hapa."

"Basi nina robo saa."

Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Labda haukuwa ujasiri. Labda ilikuwa ile karatasi kofiani mwa mtu ufukweni, na mimi niliyejua tangu asubuhi na nikafunga daftari. Nilishuka. Maji yalinifika magotini mahali ambapo dakika chache kabla watu walikuwa wamekaa wakavu. Nilikwenda nikiita jina la kumi na saba kwa nguvu, jina la kitambulisho, jina la mtu nisiyemjua. Nyayo zilikuwepo nyingi, za wote, zikijaa maji na kulainika. Kuzunguka patipati hapakuwa na nyayo zaidi ya za mtu mmoja, zilizokuja na kurudi. Upande wa baharini hapakuwa na kitu. Bahari ilikuwa tambarare, bila kichwa, bila mkono.

Nilisikia mtu akitembea majini nyuma yangu. Alikuwa mama yangu, amejifunga kitenge kiunoni, uso wake umekuwa wa kijivu.

"Rudi," akasema.

"Kuna mtu, mama."

"Hakuna. Hizo nimeziweka mimi."

Sikumwelewa.

"Ni za yule wa mitumba," akasema. "Wa zile nyumba za nyuma. Alizinunua kwa ajili ya safari hii, hakuzivaa hata siku moja. Binti yake akanipa, akasema, basi zifike."

Yule wa mitumba nilimkumbuka. Alikufa wakati wa mvua. Mama alikuwa ameniambia, nami nilikuwa na usaili siku ya mazishi, na usaili wenyewe haukuzaa kitu. Nilikuwa nimenunua sketi kwake mara mbili au tatu, na muda wote huo jina lake sikulijua.

"Ndiye ninayemwita. Yuko kwenye orodha," nikasema.

"Yuko kitabuni. Mtu akifa kabla mzunguko haujaisha, jina halikatwi. Mwenzake anamwitikia hadi zamu ya mwisho. Ndivyo tunavyofanya, ili watoto wasione mama yao ametupwa. Nilidhani unajua. Kila mtu anajua."

"Kwa hiyo anayeitikia ni wewe?"

"Mimi. Asubuhi ni mimi."

"Na sasa hivi?"

Mama alizitazama zile patipati. Maji yalikuwa yameanza kugusa vidole vyetu.

"Sasa hivi nilikuwa natapika," akasema. "Nilikuwa nimeinama kule nyuma ya chombo, nimejiziba mdomo na kitenge. Sikuitikia mtu."

Nahodha alitupigia filimbi mara mbili. Mama alinishika mkono kama nilivyokuwa nikishikwa kuvuka barabara. Hakuziokota zile patipati, nami sikumkumbusha. Tulipopanda, hakuna aliyetutania. Muuza mandazi alinisogezea nafasi, akanifunika mabega kwa leso yake, na tanga likashika upepo.

Niliendelea kutazama nyuma. Fungu lilipungua likawa kipande, kisha mstari, kisha rangi tofauti tu chini ya maji. Nilingoja kuziona zikielea. Patipati huelea, mtoto yeyote wa Eastlands aliyewahi kupokonywa moja na mtaro wa mvua anajua, utaikimbilia hadi mwisho wa mtaa na bado iko juu ya maji. Nilitazama hadi macho yakauma. Hazikuinuka.

Ufukweni kaka yake nahodha alitoa karatasi kofiani, ikiwa imelowa jasho, akaniuliza, "Wote wamerudi?" Nilisema ndiyo. Akaichana.

Nyumbani, wiki zilizofuata, niliwauliza wote. Nilikwenda hadi kwa mmoja aliyehamia Mathare kwa mwanawe, nikamkuta anachambua maharagwe. Kila mmoja alisema yeye hakuitikia mara ya pili, alidhani ni mama yangu, au ni mwingine wa karibu na mlingoti. Nao waliokuwa karibu na mlingoti walisema sauti ilitoka nyuma yao. Hakuna aliyeona jambo la ajabu. "Mmoja wetu alisahau kwamba aliitikia," muuza mandazi aliniambia. "Wewe ndiye usiyesahau hata unachotaka kusahau." Hilo linawezekana. Nimelipima kwa kila upande na linawezekana kabisa.

Mzunguko uliisha mwezi wa kumi na mbili, sebuleni kwetu. Siku ya mwisho majina yote huitwa mara moja ya mwisho, na ya waliotangulia hayaitikiwi. Yanapokelewa kwa kimya, kisha yanakatwa. Kwa kuwa nilikuwa mwandishi wa safari, walinipa mimi kalamu. Binti wa yule wa mitumba alikuwa amekuja kuchukua pesa za mama yake, akaketi mlangoni.

Niliita. Niko. Niko. Nilipofika la kumi na saba nililitaja kisha nikasubiri. Nilisubiri kupita ilivyo kawaida. Saa ya ukutani ilisikika, na mtaani muuza maji alipita akigonga mitungi. Niliwatazama midomo, wote. Nilimtazama mama. Midomo yake ilikuwa imefungwa.

Nikahesabu vichwa vya wanachama. Ishirini na wawili. Nikahesabu alama. Ishirini na mbili. Kwa mara ya kwanza zililingana.

Nikachora mstari juu ya jina, polepole, bila rula, na hata hivyo ulinyooka.

Wageni walipoondoka nilibaki nimeshika kalamu. Mama alikuwa anakusanya vikombe.

"Sasa nini tena?" akauliza. "Si imelingana?"

"Imelingana."

"Basi?"

"Nilimwambia yule mtu wa ufukweni wote wamerudi," nikasema.

Mama aliweka vikombe mezani. Hakucheka wala hakunitajia digrii. Alikwenda mlangoni, pale tunapovulia viatu, akainama, na nikamsikia akihesabu jozi.