Mota Yenye Kigugumizi

Mdogo wangu alikuwa mwanaume mwenye ndevu na kazi yake ya maana, na bado alichezea gari la rimoti. Nilimsema mpaka nikachoka. Kila Jumapili alasiri alikuwa kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya nyumba yetu Buhongwa, anakimbiza kigari chake kati ya mawe, na mama ameketi mlangoni anashangilia kama yuko uwanja wa mpira wa Kirumba.

Alizaliwa na kigugumizi. Neno la kwanza lilimkwama, kisha mengine yakamwagika. Watu walimmalizia sentensi kwa huruma, lakini mama hakufanya hivyo. Alitulia na kumwambia, "Taratibu, baba. Nakusikiliza."

Mota ya gari lake ilikuwa vilevile. Ukibonyeza rimoti inatetemeka kwanza, inasita, inakwaruza, ndipo inachomoka. Mwenyewe alicheka sana. "Li-limemfuata mwenye mali," alisema.

Alifia barabara ya Shinyanga, kwenye bodaboda, asubuhi ambayo mama alikuwa misa ya kwanza. Aliondoka bila kumuaga. Hilo ndilo mama alilolirudia msiba mzima, kuliko hata kifo chenyewe.

Matanga yalipokwisha, mama akaniomba niliwashe gari. Nikabonyeza. Mota ikasita, ikakwaruza, na mama akainamisha kichwa. "Taratibu, baba. Nakusikiliza." Ikawa ndiyo kazi yetu ya kila alasiri, mimi na rimoti mkononi, yeye akiongea na gari. Niliogopa. Niliona mama ananiponyoka mchana kweupe, na sikujua nimshike wapi.

Kisha betri ikavimba ikafa. Wiki hiyohiyo nikapigiwa simu kutoka stendi ya Nyegezi: kuna mzigo wa mdogo wangu. Alikuwa ameagiza betri mpya, yenye umeme mara mbili ya ile ya zamani. Nilipokea mzigo wa marehemu, nikarudi nao nimeukumbatia.

Rafiki yake, fundi simu wa Kirumba aliyekuwa akishindana naye magari, alitikisa kichwa. "Dada, betri hii itaiunguza mota ya zamani. Umeme ukiwa mkubwa unataka mota inayozunguka polepole kwa kila volti. Ukiweka yenye pupa, inaungua."

Alinionyesha mota mbili kwenye simu yake. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida, itakwaruza wakati wa kuondoka kama ile ya zamani. Ya pili ilikuwa na waya mwembamba wa pembeni, unaokiarifu kifaa cha kugawa umeme mota imesimama mkao gani, ili iondoke laini bila kusita.

"Hii ya waya," nilisema kabla hajamaliza. Nilishaamua. Kigugumizi kikiondoka, mama atapona.

Mota ilipofika, fundi alikuja kuifunga mwenyewe. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Limepona?"

"Limepona, mama."

Nikabonyeza. Gari likateleza bila sauti ya kukwama, likafika mwisho wa uwanja kabla sijavuta pumzi. Fundi akapiga makofi. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, bado anasubiri. Alisubiri mpaka vumbi likatulia.

"Limeondoka bila kuaga," alisema, akaingia ndani.

Hakula siku hiyo. Kesho yake alikunywa uji kidogo, akageukia ukutani. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikalia. Nilijichukia kwa ujuaji wangu. Nikampigia fundi kuuliza kama ile mota nyingine bado inapatikana.

"Ya nini, dada? Chomoa ule waya mwembamba tu. Itafanya kazi, ila itakuwa na kigugumizi."

Nikaukwanyua kwa kucha. Nikaliweka gari mlangoni, nikamwita mama. Alitoka na kanga yake begani, hana hamu. Nikabonyeza kidogo tu. Mota ikatetemeka, ikasita, ikakwaruza.

Mama akaketi. "Taratibu, baba," alisema. "Nakusikiliza."

Ningeweza kubonyeza zaidi likaenda. Kidole hakikutaka. Gari lilibaki palepale likihangaika na neno lake la kwanza, na mimi, niliyemsema maisha yake yote, nikajikuta nimechuchumaa karibu na mama, nasubiri amalizie.