Nubia Hakabidhi Funguo

Mimi ndiye niliyemfundisha dada yangu Nubia kuendesha gari. Anayebisha na aje tubishane ana kwa ana, ila asije naye, maana Nubia ana ugonjwa wa kukumbuka kila kitu. Atasema nilimfundisha asubuhi moja tu, kwamba nilimwonyesha gia tatu nikaenda zangu kucheza biliadi. Ni kweli. Mwalimu hodari hahitaji siku mbili.

Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na sita na nguo nyeusi za msiba. Mumewe, Ovidio, alikufa kwa homa akamwachia watoto wawili na gari moja la jeep aina ya Willys la mwaka hamsini na nne, lililoandikwa juu ya kioo kwa rangi nyekundu: MKAIDI. Kwetu Pijao, mji mdogo wa milima ya kahawa, madereva wa Willys hupanga foleni mbele ya kanisa, kila mmoja na zamu yake ya kwenda mashambani. Asubuhi ya kwanza Nubia alipoliingiza gari foleni, wanaume walicheka mpaka kahawa ikawatoka puani. Mmoja akamwambia, "Mama, foleni ya sabuni iko kule." Nubia akavuta breki ya mkono. "Ya kwangu ni hii. Ukitaka kunipita, pita juu."

Hakuna aliyepita juu. Kwa miaka arobaini na minne ameshusha kahawa na kupandisha mbolea, amebeba nguruwe, maharusi, masista, na jeneza moja lenye waombolezaji kumi na wawili wakining'inia ubavuni kama popo. Hajawahi kuvunja hata yai.

Huyo ndiye mtu ambaye wanawe walimnunulia kiti cha kubembea.

Kilikuwa kiti kizuri, nisikisingizie. Alikileta Jhon Fredy, mwanawe mkubwa, anayefanya kazi ofisini Armenia, mji mkubwa wa jirani, na kuvaa shati la kola hata Jumapili. Akakiweka katikati ya sebule, siku tatu kabla ya siku ya kuzaliwa ya mama yake.

"Mama, Jumamosi unatimiza sabini. Umechoka."

"Kakwambia nani?"

"Hata kama hujachoka, utachoka."

Kisha akatoa la moyoni: alikuwa amempata mnunuzi. Mwenye mkahawa mmoja wa barabara kuu alitaka kumweka Mkaidi mlangoni, atoe injini, nyuma ajaze udongo, apande maua ili watalii wapige picha.

"Maua," Nubia akasema.

"Mekundu, mama. Yatapendeza."

"Kwenye gari la baba yako."

"Mbona mjomba Gildardo alikabidhi funguo zake alipofika sabini?" Akaninyooshea kidevu. "Na hakufa."

Hapa, msomaji, angalia pembeni kidogo. Mwenye habari hiyo ni mimi, na ni ya kweli. Binti zangu walinipikia keki ya nanasi, wakaniimbia, na kabla sijameza kipande cha kwanza funguo zilikuwa zimeshahama mfukoni. Mimi, bingwa mara tatu wa maandamano ya Willys ya sikukuu, tunaposhindana kupakia mizigo, nilinunuliwa kwa keki.

Nubia alinitazama mpaka nikainama. Halafu akamgeukia mwanawe.

"Sikiliza wewe. Mlima wa La Línea nausikia tangu nimezaliwa na sijawahi kuuvuka. Kila siku mzigo, kila siku narudi kabla ya jua kuzama. Jumamosi nauvuka. Nakwenda Cajamarca, mji wa upande wa pili, na kurudi. Mkono mwingine wowote ukigusa usukani, hata kidole, chukua gari, panda maua, panda na vitunguu. Asipogusa mtu, hicho kiti ukakikalie mwenyewe."

"Na shahidi nani?"

"Wewe. Utakaa nyuma. Na huyu kaka yangu, mla keki, atapakia mzigo."

Kwetu Willys haitoki tupu. Kutembeza gari tupu ni sawa na kwenda misa bila suruali. Nikapakia magunia kumi na mawili ya ndizi mbichi, na juu kabisa, miguu ikitazama mbinguni, nikakifunga kile kiti. Kazi safi, watu wakasimama kutazama. Lakini kosa lilikuwa humo humo kwenye usafi, na nalitaja mwenyewe kabla Nubia hajanitajia. Kwenye maandamano, mzigo wote husukumwa nyuma kabisa, dereva akikanyaga mafuta gari liinue pua, lisimame kwa magurudumu mawili kama farasi, na wanawake wapige mayowe. Mikono yangu ilipakia hivyo bila kuniuliza.

Kwenye tambarare halikuonekana jambo. Tulipita mji wa Calarcá, chini ya mlima, kama harusi. Siku hizo handaki la kupita chini ya mlima lilikuwa bado halijafunguliwa, kwa hiyo malori ya nchi nzima yalipanda na kushuka juu ya mlima, pua kwa mkia. Kwenye kona moja kali, kushoto ukuta wa jiwe, kulia ukungu, na chini ya ukungu sijui kuna nini, sikuchungulia, Nubia akatia gia ya kwanza, akakanyaga mafuta. Mkaidi akainua pua.

Magurudumu ya mbele yakawa hewani. Nubia akazungusha usukani, gari halikujali. Mbele yetu lori la saruji lilikuwa linashuka, honi wazi.

"Mama, niachie!" Jhon Fredy akajirusha juu ya magunia, mkono umenyooka.

"Ukigusa nakung'ata!"

Hakuwa anatania, mdomo ulikuwa wazi kabisa. Mkono ukagandia hewani, shibri moja kutoka kwenye usukani. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaombea watoto wangu. Nubia hakukanyaga breki, kama ambavyo mimi ningefanya, nasi sote tungekuwa marehemu. Aliutoa mguu kwenye mafuta taratibu, kama mtu anayejiondoa kwenye kitanda cha mtoto aliyelala. Pua ikashuka. Mpira ukagusa lami. Akakata kona, lori likapita likitumwagia moshi, naye akaegesha kwenye kinafasi cha kando na kuvuta breki ya mkono.

"Nani alipakia?"

"Mimi, bingwa mara..."

"Shukeni wote wawili."

"Tusogeze magunia mbele," nikasema.

"Mbele wapi, mapajani mwangu? Pandeni kwenye madigadi. Kaka kulia, wewe kushoto. Mna kazi moja tu, muwe wazito. Mmezoea."

"Mama, watu watatuona!"

"Si ulitaka kitu cha kupigwa picha? Panda."

Tukapanda, tumeshikilia taa kama watoto wa tumbili. Jhon Fredy ana kilo tisini na mbili, zangu sizitaji. Pua ikatulia kimya. Nubia akachungulia kati ya migongo yetu, akapiga honi.

"Haya! Sasa nione nani atagusa usukani!"

Tulipanda hivyo mpaka kileleni, ukungu ukiingia kwenye kola ya ofisi. Dereva mmoja wa lori alipunguza mwendo akapaza sauti, "Bibi! Hao unauza?"

"Mwenye kola namuuza. Huyo mzee beba bure!"

Kileleni kuna kibanda cha maji ya moto ya sukari guru na kipande cha jibini ndani. Jhon Fredy alikuwa na midomo ya bluu. Alikunywa kikombe kizima kabla hajaweza kusema.

"Mama, ungekufa pale."

"Ningekufa. Na wewe ungekufa, na una arobaini na nane tu. Ungesema umezeeka?"

Nubia akaviweka vidole vyake mezani, vimevimba kwenye maungo.

"Sikatai uzee, mwanangu. Asubuhi hivi haviwezi kufunga vifungo mpaka nivichovye kwenye maji ya moto. Usiku taa za watu zinanipofusha, na huu mwaka wa pili siendeshi usiku. Ulinikataza wewe?"

"Hapana."

"Daktari?"

"Hapana, mama."

"Nilijikataza. Siku mchana nao utakaponishinda nitajua kabla yenu, maana kiti cha dereva nakikalia mimi. Nitazileta funguo kwa miguu yangu. Lakini usinizike kwenye bembea wakati bado nakanyaga klachi."

Jhon Fredy akageuza kikombe chake kitupu. Mimi nilisikia ladha ya nanasi kooni, miaka mitatu baadaye.

Kushuka kulikuwa rahisi, tukaruhusiwa kukaa ndani. Cajamarca Nubia alishuka, akaweka mikono kiunoni, akazungusha macho pande zote.

"Kumbe na huku ni milima tu," akasema, akacheka mpaka akajishika ubavu.

Aliuza ndizi, akala samaki mzima na kichwa chake. Kisha tatizo: gari tupu. Mwenye mgahawa tuliokula alikuwa anakitazama kile kiti kwa jicho la mapenzi. Nubia akambadilishia kwa magunia matano ya arracacha, ile mizizi ya njano wanayolima kule. Safari hii Nubia alipakia mwenyewe, mzigo umeegemea migongo ya viti vya mbele, mimi nikishika kamba na kunyamaza, kazi mbili ngumu kwangu.

Njia nzima ya kurudi Jhon Fredy alikaa na mikono katikati ya mapaja. Uani, jua likiwa bado lipo, Nubia alizima injini, akachomoa ufunguo, akauinua mbele ya uso wa mwanawe.

"Shahidi, sema."

Jhon Fredy alitoa simu, akampigia yule wa mkahawa mbele yetu. "Gari haliuzwi... Hapana, hata mwakani usinipigie. Mwenyewe yumo ndani."

Jumatatu alfajiri Nubia alikuwa foleni mbele ya kanisa, wa tatu. Mpaka leo yupo. Ukiwa na mzigo wa shambani mtafute, lakini usimwite bibi, na usiniruhusu mimi nikupakilie.

Na mimi? Jioni ile ile nilikwenda kwa binti yangu mkubwa, nikanyoosha mkono nikadai funguo zangu. Akaleta keki. Nimeila, na mkono sijaurudisha.