Jina Ndani ya Ngao ya Shaba

Shangazi yangu alisafisha vyombo vya kale vya shaba kwa miaka thelathini na minne, na ukali wake ulijulikana hadi duka la pili. Mafundi walimwita Afande. Ukikutwa na ndimu karibu na beseni la kale, umekwisha.

"Hiyo ni sufuria ya kwenu?" angefoka. "Nakshi ikishatoka hairudi. Kasugue magaga yako huko!"

Chombo cha kale huoshwa kwa maji ya vuguvugu, kikakaushwa, basi. Hakuna aliyebishana naye, maana alisema kweli.

Nyumbani alikuwa na sinia moja, la kale pia, la aina ile iliyochanganya mikono miwili: pembeni majani na nyota zilizosukana kwa ufundi wa Kiislamu, katikati mchoro wa ngao ya Kizungu. Mafundi wa enzi hizo waliiacha ngao tupu makusudi, ili mnunuzi aje kutia alama ya ukoo wake. Mume wa shangazi, fundi nakshi aliyenifundisha kushika tindo, alilipata hivyo hivyo, ngao tupu. Mtoto wao wa pekee alipofariki akiwa na siku kumi na tisa, hawakuwa na picha yake hata moja. Mzee akachukua tindo, akaliandika jina la mwanawe ndani ya ngao. Hakutaka msaada wa mtu. Mwaka uliofuata naye akafa.

Tangu hapo, kila Jumapili, shangazi alilisugua sinia lile kwa ndimu na majivu. Ndiyo, Afande mwenyewe. Mganga hajigangi. Nilimwona mara nyingi nikanyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo. Nilijiambia, mwache amwogeshe mwanawe. Macho yake yalikuwa yamefifia. Jina alilisoma kwa kidole, au alidhani analisoma.

Mwaka jana ukingo wa sinia ulipasuka, akalileta karakanani niulehemu. Mteja mmoja, mkusanyaji wa vyombo vya kale, akaliona mezani pangu. Alilisogeza dirishani akaligeuzageuza, furaha imemjaa.

"Hili adimu, mama," alimwambia shangazi. "Ngao bado tupu. Halijawahi kuandikwa jina la mtu."

Shangazi alicheka kidogo. "Limeandikwa, baba. Tazama vizuri."

Yule bwana akatazama tena kwa kioo cha kukuzia, kisha akanitazama mimi. Nikainamisha kichwa.

Shangazi akapitisha kidole ndani ya ngao, mara moja, mara mbili, halafu kwa ukucha. Nilimwona akielewa.

"Nimemfuta," alisema. "Nimemfuta mwanangu kwa mikono yangu."

Mteja aliondoka bila kuaga. Mimi nikakamata tindo harakaharaka, nikamwambia jina nalijua, mwandiko wa mzee naujua, naliandika sasa hivi wala hataona tofauti.

Akanishika mkono. "Wewe utaandika jina tu, baba," alisema. "Mzee alikuwa anamlilia mwanawe."

Nikalehemu ukingo, nikamfungia sinia lake kwa gazeti. Jumapili iliyofuata nilimkuta ameketi kitandani, mikono ameilaza mapajani, hajui aifanyie nini.