Pilau Iliyotaka Kutukosesha Ploti

Dada yangu aliolewa Kilifi, na kila wiki hunipigia simu kunisifia mji wake. Ati nyumba zinaota kama uyoga, ati ploti zinakwisha, njooni mnunue karibu na bahari kabla hamjachelewa. Mimi humwacha aseme mpaka achoke, kisha namwuliza kama maji ya bomba yamerudi au bado. Mimi ni mtu wa Bungoma, nimezaliwa nyuma ya msikiti pale mjini, nikaolewa Kitale, na jua la Kilifi kwa siku chache tu lilinibambua ngozi ya pua. Ploti niliitaka, tena sana, lakini niliitaka huku huku kwetu, ambako asubuhi unavaa sweta na mahindi yanakupita kimo.

Na Kitale nayo inakua, usicheze. Leo unapita shamba la mahindi, ukirudi ni vigingi na bango la ploti za futi hamsini kwa mia. Mwenye nyumba wetu naye akapatwa na homa hiyo hiyo. Alitujia mlangoni huku anacheka, akatuambia anabomoa vyumba vyote ajenge ghorofa yenye maduka chini, kwa hiyo mavuno yakiisha tuwe tumeshahama. Vyumba vyenyewe vilikuwa na familia nne kwa bomba moja, na mimi nilikuwa nimeshagombana na kila mtu juu ya kamba ya kuanikia nguo, lakini bado iliniuma. Nikamwambia baba watoto, "Mimi sihamii nyumba ya mtu tena. Nataka mlango wangu. Hata nikiupiga teke, niwe nimepiga wangu."

Baba watoto ni fundi wa cherehani, mtu mpole kupita kiasi. Akikasirika hunyamaza na kuipaka mashine mafuta. Safari hii alikubali mara moja na kututafutia broka. Ploti ya kwanza tuliikuta ina wenyewe watatu, kila mmoja na karatasi yake. Ya pili ilikuwa imejaa maji hadi magotini, na broka akatuapia kwamba hiyo ni baraka, nitapanda nduma mpaka nichoke. Nilimtukana kwa heshima. Ya tatu ndiyo iliyoniiba roho.

Ilikuwa pembeni mwa mji, upande wa barabara inayoteremka Kimilili, na siku ikiwa safi unauona Mlima Elgon wote, mpana, umejilaza kama ng'ombe aliyeshiba. Mwenyewe alikuwa mama mjane wa Kibukusu. Watoto wake walikuwa wamejenga maisha yao mbali, shamba lilikuwa limemshinda, na wakakubaliana akate kipande kimoja auze. Alitutembeza mwenyewe, amevaa gambuti za mpira na leso mbili, akaniuliza jambo moja tu.

"Mtajenga, ama mtafunga tu waya na kupotea?"

"Tutajenga, mama. Tena haraka."

Akatutazama, kofia ya baba watoto na mtandio wangu, akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi mkuje Jumamosi mukule kwangu. Halafu tutaongea ya hii shamba."

Hapo ndipo shida ilipoanza. Mtu wa Bungoma hahitaji kuambiwa maana ya kualikwa kula kwa Mbukusu. Ni kuku. Kuku mzima, na firigisi inawekwa mbele ya mgeni mwanamume, na usipoila umemtusi mwenye nyumba. Lakini kuku huyo kachinjwa na nani? Sisi hatuli asiyechinjwa na Mwislamu, na yule mama nilijua ni mtu wa kanisa, Jumapili yuko kwenye kiti cha mbele. Tukikataa kuku wake, ploti imekwenda. Tukila, dhamiri yetu itatusuta. Usiku kucha nilikuwa najigeuza kitandani, na baba watoto ananiambia, "Si umwambie tu?" Nikamjibu, "Umwambieje mtu ati chakula chako hakitufai? Wewe lala."

Asubuhi nikapata akili, au nilidhani ni akili. Nikapika pilau. Bana, nilipika pilau siku hiyo! Nyama ya kutosha, viungo nilivyosaga mwenyewe, harufu ikatoa majirani vyumbani. Nikaijaza kwenye hotipoti kubwa, nikaifunga kwa leso yangu mpya. Nilijiona mjanja wa wajanja wote. Sitakataa chakula cha mtu; nitafika na changu, tule pamoja, yaishe.

Tulipofika alitupokea kwa mikono miwili, mulembe, mulembe, karibuni. Sebule ilikuwa imefagiliwa, vitambaa vya kusuka vimetandazwa kwenye kila kiti, hata juu ya redio. Nikaiweka hotipoti mezani, nikasema kwa sauti yangu tamu kabisa, "Mama, hatukutaka kukusumbua. Tumebeba chakula."

Aliitazama hotipoti. Akanitazama mimi. Akasema, "Aha," akatoka.

Tukangoja. Akarudi na sahani mbili, vijiko viwili na maji ya kunawa. Sahani mbili, si tatu. Akasema, "Haya, kuleni," akaenda kukaa nje kwenye kigoda, akawa anapukuchua mahindi. Tukala pilau yetu peke yetu katika sebule ya mtu, kama abiria kwenye hoteli ya stendi. Mimi nilichokoachokoa tu na kijiko. Baba watoto alimaliza sahani yake akaomba nyongeza, na nikamkanyaga mguu chini ya meza. Habari ya shamba haikutajwa. Tulipoaga alisema tu, "Njia njema."

Baada ya siku mbili broka akapiga simu, sauti imemkauka. "Mama amesema haiuzi tena."

Sikuamini. Nikachukua boda mpaka pale. Langoni kulikuwa na mabati yamepakwa maandishi mekundu, rangi bado inateremka: SHAMBA HII HAIUZWI. Nilisimama pale barabarani nikalia, sikuficha. Kule nyumbani mwenye nyumba alikuwa ameshaleta lori la mchanga na kulimwaga mbele ya mlango wetu. Ningepeleka wapi watoto na ile cherehani?

Hasira zangu nilimshushia yule mama kwa siku kadhaa. Nilimwita kila jina. Mwanamke gani anakataa pilau? Ati kwa sababu tumebeba chakula tu? Baba watoto alinisikiliza, akapaka mashine mafuta.

Halafu Ijumaa akarudi kutoka msikitini, uso umemshuka. Akakaa bila kuvua viatu. Akaniambia kwamba baada ya swala alimkuta mzee mwenye bucha kule kwenye senta ya maduka, karibu na shamba la yule mama, na yule mzee akamsalimu kwa kicheko: "Eh, yule jogoo mlimmaliza?"

"Jogoo gani?" nikauliza.

Jogoo wetu. Jumamosi ile, umande haujakauka, yule mama alitoka kwake kwa miguu mpaka senta, jogoo kwapani, akasimama mlangoni pa bucha. Akamwambia yule mzee, "Nina wageni wa dini yenu. Nichinjie huyu, na useme ile maneno yenu yote, usiruke hata moja." Mzee akasema Bismillahi, na mama akamwambia arudie kwa sauti, yeye asikie. Akarudi na kuku wake kwenye karai, akapika. Tulipoingia na hotipoti yetu, kuku alikuwa jikoni, ameiva, firigisi imewekwa kando.

Nilishikwa na aibu mpaka masikio yakaniwaka moto. Halafu nikaanza kucheka, halafu nikalia tena, baba watoto asijue anifanyie nini.

Kesho yake nikaenda peke yangu. Asubuhi sikunywa hata chai. Ukienda kwa mtu huku unabeba japo sukari na mkate, na nilisimama dukani nimeshika ile sukari mkononi muda mrefu, nikairudisha. Sukari nayo ni chakula. Nikaenda mikono mitupu, kama mtu asiye na adabu.

Nilimkuta anamwaga maji ya kuosha vyombo. Akanitazama mikononi kwanza.

"Hotipoti iko wapi leo?"

"Nimeiacha. Mama, nimekuja na njaa. Ile siku sikujua habari ya jogoo. Mwenye bucha ndiye ametuambia jana."

Akaweka karai chini. "Kwani hauna mdomo? Si ungeuliza tu? Mimi natembea na jogoo mpaka senta, watu wananicheka, na wewe unaniletea mchere kwa nyumba yangu, ati mimi nitashindwa kupikia wageni?"

"Niliogopa kukukosea, mama."

"Na ukanikosea!" Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikaona ni kicheko. "Na bwana yako alikula! Alikula hiyo pilau, mimi namwona kwa dirisha, na jogoo yangu iko jikoni!" Tukacheka wote wawili mpaka akashika ukuta.

Hakukuwa na kuku siku hiyo. Alinipa ugali na kunde alizozichuma pale pale, na maziwa yaliyoganda kikombe kikubwa. Nikala, akaongeza, nikala. Alikuwa amekaa mbele yangu akinitazama kila tonge, na huku ananieleza. Wanunuzi wa mjini wamekuja kwake wengi, wana magari, wanataka kufunga waya na kwenda zao wangoje bei ipande. Ploti ya pili kutoka kwake ni nyasi tu na kufuli. "Mimi nataka mtu nikiamka naona moshi yake," akasema. "Huyo anabeba chakula yake mwenyewe, nikadhani na yeye ni wa kufunga waya."

Nikamwambia moshi atauona mpaka aukimbie. Akasema, "Mwambie bwana yako aje na mtu wa kupima. Na asibebe kitu."

Mambo ya wakili na bodi ya ardhi yalifuata utaratibu wake, na wanawe walikuja wakatia sahihi. Lakini siku ninayoikumbuka ni ile ya vigingi. Mpimaji alikuwa kijana nadhifu, anataka mstari ulionyooka, na mafundi wa waya wako nyuma yake na nguzo. Walipofika kati ya jiko lake na pale ambapo jiko langu lingekuja kusimama, mama akaingia kwenye mstari, akaweka gambuti lake mahali walipotaka kuchimba.

"Hapa wacha wazi."

"Mama, mpaka lazima ufungwe," kijana akasema. "Ndiyo sheria ya kununua."

"Funga huko kwingine yote, sikatai. Hapa hapana. Sahani zitapita wapi?"

Kijana akanigeukia mimi, mnunuzi, niamue. Nikamwonyesha kwa mkono asogeze nguzo, pale pabaki wazi.