Mshonaji wa Musinzira

Mshonaji wa mtaa wa Musinzira alishona akiegemeza kifua mezani, maana uzito wa matiti ulimvuta shingo tangu usichana. Mikanda ya sidiria ilimchimba mabega, ingawa aliiwekea vitambaa chini yake. Kila gauni la kubana alilomshonea mteja alijipimia kwanza mbele ya kioo, kisha akalikunja taratibu. Asubuhi ya upasuaji wa kuyapunguza matiti, mdogo wake Kulthumu, aliyetoka Muyinga kumsindikiza, alimkuta kwenye benchi la hospitali, mkoba ameukumbatia.

“Dada, kama unaogopa turudi nyumbani.”

“Naogopa sana. Lakini mi nataka kusujudu bila kuumia.”

Daktari alipomruhusu kuinama, makovu yakiwa bado yanawasha, alitandika mswala. Alisujudu, akakawia hapo mpaka Kulthumu akamgusa mgongo.

“Uko sawa?”

“Niache kidogo.”