Walimwita Chebet mwizi wa game, nikahamisha code kwa cloud

Wakuu, hamjambo huko mliko. Hii niliiona kwa macho yangu hapa Eldoret, siongezi chumvi.

Nasomea masters ya computer science. Research yangu ni kuhusu cheating kwa game za risasi.

Iko hivi. Game nyingi huambia mashine yako mahali kila adui amesimama, hata aliyejificha nyuma ya ukuta. Skrini haikuonyeshi, lakini info iko ndani. Cheat, yaani programu ya kudanganya, inaichota tu.

Mimi nikaandika game ndogo ambayo hesabu hiyo inafanywa na server ya mbali, kwa cloud. Mashine yako inapata tu kile unafaa kuona na kusikia. Cha kuiba hakuna.

Testing nilifanyia kwa cyber moja mtaa wa Kapsoya. Hapo ndipo nilimjua Chebet, mwalimu wa chekechea kutoka Sugoi. Mpole sana, lakini kwa game ya kawaida ya pale aliwamaliza wote. Ukijificha, tayari amekulenga.

Wafula, broker wa mahindi aliyekuwa bingwa pale kabla yake, siku moja akachoka.

"Huyu ni mwizi," akasema mbele ya watu. "Ako na cheat. Nani huona kupitia ukuta?"

Wengine wakaitikia. Mwenye cyber akamwambia Chebet asicheze tena mpaka ukweli ujulikane.

Nikamwomba Chebet ajaribu game yangu, ambayo cheat haina cha kuchota. Akakubali, lakini akaniuliza:

"Na nikishinda, watasema nini?"

Nikaenda kupanga mechi na Wafula.

Jumamosi Chebet akakaa na Wafula kucheza game yangu, sisi tumesimama nyuma yao. Network ilikuwa inakwama kwama, na thesis yangu pia ilikuwa inategemea hiyo mechi.

Chebet akashinda. Wakarudia. Akashinda tena.

"Kwani unanionaje?" Wafula akauliza, sauti imeshuka.

Chebet akavua headphones, akampea. "Sikuoni. Nakusikia. Wewe hata ukijificha hutulii, nyayo zako kwa game zinasikika."

Wafula akasikiliza huku akisogeza mtu wake kwa game, akazirudisha polepole. "Pole, madam."

Nilidhani Chebet atafurahi. Nikamsindikiza nje nikimwambia sasa jina lake ni safi.

"Asante kwa kazi yako," akasema. "Lakini nimecheza na nyinyi kila wikendi. Hakuna hata mmoja aliniuliza nafanyaje. Mlienda kuuliza server."

Akapanda boda, akaenda.

Supervisor amefurahia results. Chebet hajarudi cyber.

Nimejifunza kwamba code inaweza kufunga mlango wa cheat, lakini mtu unamjua kwa kumuuliza.

Kuna mwenye amewahi kuitwa cheater bure hapa? Ulirudi kucheza na wao? Ningependa kusikia.