Njia ya Maji ya Mchele

Nimechoka kusikia vijana wakisema kwamba sisi watu wa mto Tana hatujui kupanda. Ni kweli kwetu hakuna kilima cha kujivunia. Ukitaka kuona mbali unaparamia mti. Lakini mimi nimeupanda Kirinyaga, nimegusa barafu kwa kiganja hiki, na njia iliyotufikisha huko niliichagua mimi. Mnyapara wa msafara wetu alitaka nyingine.

Reli ilikuwa bado uvumi tu. Kijijini kwetu, juu kidogo ya Garsen, mto ulikuwa haujafurika kwa misimu miwili, na mkulima wa ukingoni akikosa mafuriko hana shamba, ana vumbi. Wazee walianza kusema tuhame, tushuke upande wa Kipini. Mama yangu alikataa. Alikuwa na kikapu kimoja cha mbegu za mpunga, amekitundika juu ya meko ili moshi uzilinde na wadudu, na dada zangu walikikodolea macho kila siku kwa njaa.

Ndipo akapita Mzungu mmoja na msafara wake, anatafuta watu wa kusukuma mitumbwi kwa pondo mpaka mto unakotoka. Mama ndiye aliyenituma.

"Nenda, mwanangu, ukaone kama mto huu bado una kichwa. Ukirudi uniambie umekufa, mbegu hizi tutazipika siku hiyo hiyo tuhame. Ukiniambia u hai, nitazipanda."

"Na nikichelewa, mama?"

"Usichelewe."

Asiyetoka kwetu ajue jambo moja: mama zetu huyasoma maji. Huingiza mkono mpaka kiwiko, husugua tope kati ya vidole, kisha huonja. Maji mekundu yenye mchanga ni ya mvua za karibu, huja kwa kishindo na kupita. Lakini yakija yale ya baridi, tope lake la kijivu, laini hata vidole havisikii chembe, basi hayo yametoka kichwani, na yatakaa mashambani. Mama alinishikisha tope hilo kabla sijajua kuhesabu, nami nilidhani ni mchezo.

Tulisafiri wiki nyingi. Mitumbwi tuliiacha kwenye maporomoko, tukatembea mpaka kwenye msitu ulioko miguuni mwa mlima. Mnyapara wetu alikuwa mtu wa Lamu, hodari wa kazi na hodari zaidi wa maneno. Aliposikia nikimwambia Mzungu kwamba mto naujua mimi, alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Weye, mwana wa matope! Mlima wauonea wapi?"

Mzungu akaniacha nijaribu, nami nikaharibu. Kwetu njia ni ukingo: shika ukingo, utafika popote. Kwa hiyo nikawaingiza watu bondeni, ukingoni kabisa mwa kijito kikubwa, tukapanda siku mbili juu ya mawe yenye utelezi. Tukaishia chini ya maporomoko, kuta za mwamba kulia na kushoto. Wakati wa kugeuka mpagazi mmoja aliteleza. Yeye tulimdaka, mzigo wake wa unga ukaenda na maji. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na kila nilipofumba macho nilikiona kile kikapu cha mama.

Tuliporudi kambini unga uliobaki ulikuwa wa siku sita. Mzungu akasema tutajaribu mara moja tu, kisha tunarudi pwani. Mnyapara akaonyesha njia ya ndovu iliyoelekea kushoto, pana, imekanyagwa vizuri. Kila mtu aliipenda. Hata miguu yangu iliipenda.

Niliondoka peke yangu, nikateremka kwenye vijito viwili vilivyopita pande mbili za mgongo mmoja wa mlima, mgongo uliojaa vichaka, usio na njia yoyote. Kijito cha kushoto kilikuwa na maji ya rangi ya chai, yananuka majani. Nikavuka mgongo hadi kile cha kulia. Maji yake yalikuwa na weupe hafifu, kama maji ya kuoshea mchele. Nikatia mkono mpaka kiwiko. Baridi ilinipanda mpaka kwenye meno. Nikasugua tope la chini kati ya vidole: la kijivu, laini, halina chembe. Nilikaa pale pale nikacheka kama mwehu.

"Tupite juu ya mgongo huu," nikawaambia niliporudi kambini. "Haya maji ya mchele tuyasikie kulia, yale ya majani tuyasikie kushoto, tusishuke kwenye bonde lolote."

"Pale hapana njia," mnyapara akasema.

"Tutaikata."

"Na ndovu je, nao ni wajinga?"

"Bwana mnyapara, ndovu anatafuta nini kwenye barafu?"

Watu wakacheka, safari hii bila kunicheka mimi. "Nikikosea," nikaongeza, "nitakubebea mzigo wako mpaka Lamu." Mzungu akaitazama njia ya ndovu, akanitazama, akachukua panga.

Siku nzima tulikata mianzi. Sauti ya maji ya kulia ikififia tulisogea kulia; ya kushoto ikififia tulirudi kushoto. Siku ya pili msitu ukaisha, tukatoka kwenye nyasi na mimea minene nisiyoijua jina. Siku ya tatu ukungu ulifunguka ghafla, na barafu ilikuwa pale mbele yetu, nyeupe, kubwa, imelala kati ya miamba. Chini yake yalikuwa yakitoka maji yale yale. Nilikimbia huku nimeishiwa pumzi, nikatia mkono, nikasugua, nikaonja.

"Kiko!" nilipiga kelele. "Kichwa kiko!"

Kilele hatukukikanyaga, wala sikukihitaji. Mnyapara alikuja akihema, akavua kofia yake ya Lamu, akanivisha.

Nilipofika nyumbani nusu ya kijiji walikuwa wamefunga mizigo. Mama alikuwa amekonda mno. Kikapu kilikuwa bado juu ya meko, hakijaguswa.

"Kipo?"

"Kipo, mama. Nimekishika."

Alikiteremsha mchana ule ule, akaenda kupanda mpunga wote kwenye udongo mkavu uliopasuka. Wazee walimfuata wakimsihi asitupe chakula. Hakugeuka hata mara moja. Dada zangu walilia, nami niliogopa kuliko nilivyoogopa mlimani.

Siku ya kumi na moja maji yalipanda ukingo. Kijiji kizima kilisimama kikitazama yakiingia mashambani. Mama aliinama, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akasugua tope, akaonja. Kisha akawageukia wazee.

"Mnayaona? Mwanangu aliyapita njiani."

Haikuwa kweli, maana nilikuwa nimetembea wiki nyingi, na maji hukimbia kuliko miguu ya mtu. Lakini sikumsahihisha siku ile, na mpaka leo sijamsahihisha.